Mwili Husema Kabla ya Ulimi



Ukitoka Mbeya kwa njia kuu ya lami kuelekea Iringa, utapita mji mdogo uitwao Chimala. Mkono wa kulia imesimama milima mirefu, na njia ya kupanda Matamba imejipinda kona baada ya kona. Mkono wa kushoto limetandazwa bonde la Usangu, nchi ya mpunga. Watu wa pwani si wageni huko. Wabulushi, ambao wazee wao waliingia bara kutokea pwani, walifanya makazi Usangu na wakalima mpunga wa kumwagilia maji. Mpaka leo mchele wa nchi hiyo wateremka kuja kuliwa katika nyumba zetu. Kwa hiyo nikianzia mazungumzo yangu Chimala, sikupeleki mbali na jamaa zako.

Hebu tuchukue mfano. Mtoto wa miaka tisa amesimama na mama yake kituo cha mabasi, Chimala. Mabasi yapiga honi, wapiga debe wapaza sauti, na mashine ya kukoboa mpunga yanguruma. Mtoto amevaa kanzu mpya, shingo yake ngumu, inamkwaruza. Tangu alfajiri hakunywa maji, wala hakusema kuwa ana kiu. Mara aziba masikio, apiga ukelele, ajitupa chini na kuanza kujigonga kichwa. Watu wajaa. Mmoja asema, "Hana adabu." Wa pili asema, "Amepandwa na shetani." Wa tatu asema, "Mama yake amemdekeza." Mama naye, kwa haya za watu, ampiga kofi. Katika umati wote ule hakutokea hata mmoja aliyeuliza: mwili wa mtoto huyu wasema nini?

Mfano huu nimeutunga, lakini nina hakika wako wasomaji waliokwisha kumwona mtoto huyo, na pengine wanaye nyumbani. Nia ya makala haya ni kutazama jinsi wanadamu walivyowaangalia watu ambao akili zao zimeumbwa kwa namna nyingine, na kuonyesha kosa moja lililorudiwa zamani hata leo: kuwatazama kwa nje, na kuacha kuwauliza habari za ndani.

Hisi ambazo hatuzihesabu

Tumefundishwa kuwa hisi ni tano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Lakini mwanadamu ana hisi nyingine zinazomletea habari za ndani ya mwili wake. Kwa hizo hujua kuwa ana njaa au kiu, kuwa moyo wamwenda mbio, kuwa kibofu kimejaa, kuwa joto limemzidi. Mtaalamu wa Kiingereza, Charles Sherrington, alizipa hisi hizo za ndani jina lao la kitaalamu katika mwaka 1906.

Wazee wetu wenye lugha hii walilijua jambo hilo bila ya kitabu cha Sherrington. Mswahili akiogopa husema tumbo joto. Akikasirika husema damu yamchemka. Akishtuka husema moyo umempasuka. Hofu na hasira huanzia mwilini, na mtu akiweza kuusoma mwili wake mapema, hupata nafasi ya kujizuia kabla ya mambo kuharibika.

Sasa fikiri juu ya mtu ambaye barua hizo za mwili hazimfikii sawasawa. Pengine kiu haimfikii mpaka imekuwa mateso. Pengine kila kitu chamfikia kwa pamoja na kwa nguvu, sauti na mwasho na mwanga, mpaka hawezi kutenganisha kipi ni kipi. Akiulizwa "Una nini?" hana la kujibu, si kwa jeuri, bali kwa sababu hajui. Hivi ndivyo ilivyo kwa wengi wenye usonji, yaani wale ambao tangu utoto hupokea sauti, maneno na watu kwa namna isiyokuwa ya wenzao. Uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja mwaka 2019 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watu wenye usonji hupata taabu kubwa kuzitambua hisia zao na kuzitaja kwa maneno. Katika watu wengine ni kama mmoja katika ishirini.

Tabibu wa Balkh

Elimu ya kuunganisha mwili na nafsi si ngeni kwetu Waislamu. Katika karne ya tatu ya Hijra, karibu mwaka 850 wa Miladi, alizaliwa katika nchi ya Balkh, ambayo leo imo Afghanistan, mwanachuoni Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi. Alifariki mwaka 934. Miongoni mwa vitabu vyake ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, maana yake maslaha ya miili na ya nafsi. Matabibu wengi wa zama zake walikuwa wakiandika juu ya mwili peke yake. Yeye aliona kuwa mwanadamu ni vyote viwili, na kimoja kikiumwa chamwumiza mwenziwe. Alisema pia kuwa mtu aweza kuishi miaka mingi bila ya maradhi makubwa ya mwili, lakini misukosuko ya nafsi humfikia kila siku.

Misukosuko hiyo aliitaja minne: ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Tazama, ndugu msomaji, kuwa maneno yote manne yamo katika Kiswahili chetu, na hata mtoto wa chuoni ayajua. Huzuni aliigawa mafungu mawili. Moja ina sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupotelewa na mali. Ya pili haina sababu ambayo mwenyewe aijua, nayo alisema asili yake yatoka mwilini. Tena alinasihi kuwa mtu ajiwekee fikira njema wakati wa utulivu, kama vile mwenye hekima anavyoweka dawa nyumbani kabla ya ugonjwa kuingia. Kitabu hiki kilikaa maktabani karne nyingi bila ya kusomwa na wengi. Mwaka 2013 sehemu yake ya nafsi ilitolewa kwa Kiingereza na Malik Badri, mwanachuoni wa elimu ya nafsi kutoka Sudan.

Na kabla ya al-Balkhi, Mtume (s.a.w.) alikwisha kutufundisha tiba ya ghadhabu inayoanzia mwilini. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kuwa mwenye kukasirika akiwa amesimama aketi, na ikiwa hasira haikuondoka alale. Hapa mtu hakuambiwa kwanza afikiri. Aliambiwa kwanza aubadilishe mwili wake namna ulivyokaa.

Elimu hiyo ilijengewa majumba. Huko Halab, katika Sham, hospitali ya Arghun iliyojengwa mwaka 1354 ilikuwa na nyua zenye mabirika ya maji katikati, na vyumba vya wagonjwa wa akili vikizunguka. Huko Edirne, hospitali ya Sultan Bayazid wa Pili, iliyomalizika mwaka 1488, ilisifiwa na msafiri Evliya Çelebi kwa muziki na maua waliyoletewa wagonjwa. Tusizidishe sifa tukasahau kweli: minyororo nayo ilitumika katika hospitali za zamani. Lakini walijua kuwa sauti ya maji na kivuli na harufu njema ni dawa, kwa kuwa hupita mwilini kwenda kwenye nafsi.

Majumba ya kuwekea watu

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, wakoloni walipofungua hospitali za akili, nia ya kwanza ilikuwa kuwaweka watu mahali wasipoonekana. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, nayo ndiyo iliyokuwa ikipokea wagonjwa kutoka pande zote za Tanganyika. Mtu wa Usangu akipelekwa Mirembe alitolewa katika lugha yake, chakula chake na jamaa zake.

Mkuu wa Mathari tangu mwaka 1938 mpaka 1950 alikuwa Mwingereza J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Ulimwengu lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Ndani yake alidai kuwa Mwafrika haitumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Ubaya wa dhana hiyo hauhitaji maelezo. Lakini angalia mzizi wake: alitazama watu waliofungiwa, walio mbali na kwao, akahukumu umma mzima kwa yale aliyoyaona kwa nje.

Swali lililoulizwa Iringa

Miaka michache baadaye, katika 1961 na 1962, jamaa wa Chuo Kikuu cha California wakiongozwa na Walter Goldschmidt walikuja kuchunguza maisha ya makabila manne: Wakamba na Wapokoti wa Kenya, Wasebei wa Uganda, na Wahehe wa Iringa, ambao ni majirani wa Wasangu. Mmoja wao, Robert Edgerton, aliwauliza watu wa kawaida maswali ambayo wengi kabla yake hawakuona haja ya kuyauliza: mwenye wazimu mwamjuaje, wazimu watoka wapi, na watibiwaje? Majibu aliyachapisha mwaka 1966.

Alikuta kuwa makabila yote manne, ingawa yako mbalimbali, yalikaribia kukubaliana juu ya dalili: kwenda uchi, kuzurura, kusema maneno yasiyo na maana, kupiga watu. Walipohitilafiana ni katika sababu na tiba. Wengine walitaja mdudu aliyemo kichwani. Wengine, na Wahehe wakiwa miongoni mwao, walitaja uchawi. Mwaka 1971 Edgerton aliandika tena juu ya mganga mmoja wa Kihehe, akamheshimu kama mtu mwenye kazi na ujuzi wake. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa kupita ya Carothers, kwani Mwafrika aliulizwa rai yake.

Hata hivyo, zitazame tena dalili zile. Zote ni za nje, ni mambo ambayo jirani huyaona akiwa barazani kwake. Mwenye taabu yenyewe bado hakuulizwa.

Lakini Edgerton huyohuyo, mwaka 1967, alitoa kitabu kingine ambacho jina lake kwa Kiswahili tungeliita Joho la Uwezo. Humo alisimulia maisha ya watu wenye akili nzito waliotolewa hospitali kubwa moja huko California, wakaachwa waishi mjini. Safari hii aliketi nao wenyewe. Akakuta kwamba jambo lililowaelemea kuliko umasikini lilikuwa aibu. Walitumia nguvu zao zote kuficha kwamba hawakuwa kama wengine. Asiyejua kusoma saa alivaa saa mbovu mkononi, kisha humwuliza mpita njia saa ngapi, akisingizia kuwa yake imesimama. Walijivika joho la uwezo ili wasichekwe. Na waliofanikiwa kuishi ni wale waliopata mtu mwema wa kuwasaidia bila ya kuwafedhehesha.

Joho lenye kuumiza

Hapa yafaa nieleze jambo moja wazi. Usonji si wazimu, wala si upungufu wa akili, ingawa mtu aweza kuwa na viwili pamoja. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, na tangu hapo watu wenye usonji wamejulikana katika kila taifa. Wako wasiosema kabisa, na wako wahifadhi, mafundi na walimu. Vivyo hivyo kuna watoto wasioweza kutulia wala kushika jambo moja kwa muda, na hao si watukutu kwa kupenda.

Wengi katika hao hujifunza kuvaa lile joho. Msichana hujilazimisha kukaa katika harusi yenye vipaza sauti, akitabasamu huku mwili wake wawaka moto. Kijana huuza dukani mchana kutwa akiigiza maneno ya wenzake, na akirudi nyumbani hujifungia chumbani asiweze hata kula. Watu wa nyumbani husema, "Mbona kwa wageni ni mzuri, kwetu ana kisirani?" Hawajui kuwa ameyatumia yote huko nje. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2018 juu ya watu wazima wenye usonji uliona kuwa kujificha huko kwafuatana na fikira za kujiua, na vilevile kukosa msaada wanaouhitaji. Kwa hiyo hatari si ndogo. Tunapomlazimisha mtu afanane na sisi kwa kila jambo, twaweza kumpata aliyetulia kwa nje na anayeangamia kwa ndani.

Yaliyofanywa baada ya Uhuru

Haifai kusema kuwa hapakufanywa kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilianza kuanzisha vijiji vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo karibu na Dodoma, ambako mgonjwa aliishi kama mkulima, akilima na kufuga badala ya kukaa nyuma ya ukuta. Katika miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilitumiwa kujaribu mpango wa kuipeleka tiba ya akili katika zahanati na vituo vya afya, kwa msaada wa Shirika la Afya la Ulimwengu na wa nchi ya Denmark. Ikapitishwa Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Hekima ya vijiji vile ilikuwa hii: mwili ukipata kazi ya mpangilio, jua, chakula na usingizi, nafsi nayo hupata pa kushika. Lakini sheria na hospitali haziingii chumbani kwako usiku mtoto anapopiga ukelele. Huko aingiaye ni mama, baba, bibi na ndugu.

Wajibu wa nyumba zetu

Basi, ndugu zangu, tufanyeje? Kwanza, mtoto akiharibikiwa, tuusome mwili wake kabla ya kuihukumu tabia yake. Tuulize kwa utaratibu: amekula? Amekunywa? Ataka kwenda haja? Amelala? Nguo yamwasha? Sauti imemzidi? Jino, sikio au tumbo lamwuma? Huenda anayepelekwa kwa mganga kwa ajili ya shetani ana jino bovu tu.

Pili, tumfundishe kuusoma mwenyewe, na wakati wa kufundisha ni wakati wa utulivu, kama alivyonasihi al-Balkhi. Mshike mkono umweke kifuani: "Moyo wako waenda mbio. Hii ndiyo hofu." Asiyesema aonyeshwe picha au ishara. Anywe maji kwa saa, asingoje kiu. Sala tano huigawa siku vizuri, na mtu wa namna hii hupenda siku iliyogawika. Msichana aelezwe habari za hedhi kabla haijamjia, asije akadhani anakufa. Na wa kufunga Ramadhani, ambaye hahisi kiu yake, jamaa zake wamwulizie kwa sheikh na kwa tabibu pamoja.

Tatu, tumwachie yanayomtuliza. Akitikisa mikono au kuyumba huku na huko, hamdhuru mtu. Apewe pembe ya nyumba yenye kivuli na ukimya, na shuka la kujifunika. Msikitini asimame mbali na kipaza sauti. Maji ya udhu yakimchoma kwa baridi, yapashwe moto.

Nne, tusimfunge wala kumficha. Kumsomea Qur'ani ni kheri, na dua haina mpinzani, lakini dua haikukatazwa kwenda pamoja na hospitali. Mwenye kifafa asiachishwe dawa zake. Anayejiumiza, au anayesema kuwa amechoka kuishi, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, tusingoje kesho.

Katika Surat an-Nisaa, aya ya 5, tumeamrishwa juu ya wale wasioweza kusimamia mali zao: tuwalishe, tuwavishe, na tuseme nao kwa maneno mema. Yaangalie mambo hayo matatu. Mawili ni ya mwili, na la tatu ni la nafsi. Hakuna humo kofi wala kicheko.

Turudi Chimala, katika kile kituo cha mabasi. Honi zile zile, vumbi lile lile, na mtoto yule yule ameziba masikio. Safari hii anatoka katika umati bibi mmoja, hasemi neno na mtu. Anamwambia mama, "Mwanangu, tumtoe juani kwanza." Wanampeleka nyuma ya duka, kwenye kivuli. Wanamfungua shingo ya kanzu, wanamfunika kanga kichwani, wanamwekea kikombe cha maji mkononi. Hakuna anayemhoji. Baada ya muda kilio kinashuka, na mtoto anakunywa maji kikombe kizima, kisha cha pili.

Mama ndipo anapojua kuwa mwanawe alikuwa na kiu.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona hayo kabla ya mkono kunyanyuka. Wabillahi tawfiq.